Mliomba Vizuri, Lakini Nilikatwa

 

Jumapili iliyopita dada mmoja alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, "Pasta, kumwachia weita pesa juu ya bili ni lazima? Na hiyo si ni kama hongo tu?" Nilimwambia nitajibu kwa maandishi ili wote msome, kwa sababu swali lake lilinigusa mahali panapouma. Kabla sijamfundisha mtu yeyote, acha nitubu mbele yenu.

Wiki chache baada ya Madaraka Dei ya 2025, ile iliyofanyika Homa Bay, tulikuwa na semina ya watumishi mjini humo. Tulipomaliza, watu 14 tukaingia hoteli moja. Tulikuwa na njaa na furaha. Tukaunganisha meza tatu. Mmoja akaagiza ngege wa kukaanga, baadaye akataka wa mchuzi. Mwingine akarudisha ugali akisema umepoa. Mwingine akaitisha chai ya maziwa, ilipoletwa akasema alitaka ya rangi. Binti mmoja tu ndiye aliyetuhudumia, na hakununa hata mara moja. Chakula kilipokamilika tukasimama tukaomba, na mnajua sisi Wapentekoste tukiombea chakula hata mtu wa boda boda aliye barabarani anaitikia amina.

Wakati wa kulipa, kila mtu alitoa simu akatuma sehemu yake kwa namba ya till. Wawili watatu walitoa pesa taslimu. Wengine walikuwa wameongeza soda na chapati baada ya bili kuandikwa. Gari lilikuwa linapiga honi. Tukaingia, tukashika barabara ya Rodi Kopany kuelekea Rongo, tukiimba mapambio. Hakuna aliyejumlisha. Na hakuna aliyemwachia yule binti hata shilingi kumi.

Mwezi uliofuata nilirudi Homa Bay kwa mazishi, nikaingia hoteli ile ile. Binti alinikumbuka, akanihudumia kwa heshima kama mara ya kwanza. Nilipomwuliza kazi inaendeleaje, alisita kidogo, akaangalia nyuma kama mwenye kaunta anasikia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, ile siku mliyokuja, pesa zilipungua 520. Nilikatwa."

Analipwa 400 kwa siku. Nikamwuliza, "Nyathina, mbona hukutufuata nje?" Jibu lake sijalisahau mpaka leo. Alisema, "Wangekuwa walevi ningesimama mlangoni. Lakini ninyi mliomba vizuri, nikajua watu kama hawa hawawezi kwenda bila kulipa."

Mpendwa, mimi nimesoma chuo cha Biblia. Yakobo 5:4 nimeihubiri mara nyingi, pale mtume anaposema kwamba ujira uliozuiliwa wa wale waliovuna mashamba unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kila nilipoihubiri nilikuwa nawaza tajiri fulani mwenye shamba kubwa la miwa. Siku ile nilijua kwamba kuna kilio kilichopanda mbinguni kutoka Homa Bay, na jina langu lilikuwa ndani yake.

Nilimrudishia 520 zake. Halafu nikaongeza zangu juu. Na hapo ndipo nataka uanze kunisikiza vizuri, kwa sababu jibu la swali la yule dada liko hapo. Ile 520 haikuwa bakshishi. Ilikuwa deni. Nisingeweza kumpa huku nikijisikia mkarimu. Zile nilizoongeza ndizo bakshishi. Mambo haya mawili tukiyachanganya, mhudumu ataumia na sisi tutaendelea kujiona wema.

Tuanze na deni.

Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inakataza kumwonea kibarua aliye maskini, awe ndugu yako au mgeni. Inasema alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajalipwa, kwa maana moyo wake unaitegemea pesa hiyo. Angalia amri hii anaambiwa nani. Anaambiwa mwenye kazi. Haambiwi mpita njia, wala haambiwi mteja. Mungu hakusema kibarua asubiri huruma ya wageni.

Kwa hiyo wewe ndugu yangu uliyeokoka na una hoteli, iwe ni kubwa pale mjini au kibanda chako cha samaki karibu na stendi, nasema nawe kwa upendo. Mshahara wa mhudumu wako ni jukumu lako. Usimwambie binti akija kuomba kazi, "Hapa mshahara ni kidogo lakini wateja wanaacha pesa." Hapo umechukua ukarimu wa watu wengine ukaufanya mtaji wako. Serikali yetu ina agizo la mishahara ya chini, na humo kazi ya weita imetajwa kwa jina. Viwango vinatofautiana kati ya majiji, miji mikubwa na sehemu nyingine, na vimepandishwa asilimia 12 mwaka 2022 na asilimia 6 mwaka 2024. Nenda ofisi ya leba ukaulize kiwango cha mahali pako. Mtu aliyeokoka asingoje kukamatwa ndipo atende haki.

Na kuhusu kukata: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, imeorodhesha makato yanayoruhusiwa, na hata hayo yote kwa pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Mteja akitoroka, usikimbilie mshahara wa binti kwanza. Chunguza. Weka utaratibu mzuri wa bili. Hasara nyingine ni ya biashara, na wewe ndiwe mwenye biashara, kama vile faida ilivyo yako mwisho wa mwezi.

Sasa kuna wale wenye jamaa Marekani wanaoniambia kwamba kule mtu anaacha asilimia 20, kwa hiyo nasi tufanye hivyo. Ndugu, uliza kwa nini wanaacha nyingi hivyo. Sheria ya taifa lao inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Mwajiri anatakiwa kujazia tu kama bakshishi hazikufikisha kima cha chini cha kawaida. Kuna majimbo yanayolipa zaidi, lakini msingi ni huo. Mteja amekuwa mlipaji wa mshahara. Mimi sitamani desturi hiyo ivuke bahari ije Migori. Bakshishi ikigeuka mshahara, siku ya mvua ambayo wateja hawaji, watoto wa mhudumu watalala njaa na hakuna wa kuulizwa.

Basi mtu atasema, "Pasta, kama mshahara ni kazi ya mwenye hoteli, mimi sidaiwi. Nikilipa bili nimemaliza." Ndiyo, ukilipa bili yako yote umemaliza deni. Hakuna mstari wa Biblia unaokuamuru uache hamsini juu ya meza, na mchungaji akikuambia bakshishi ni fungu la kumi la pili, mkimbie. Lakini je, wewe unaishi kwa kulipa madeni tu? Mungu akikupa unachostahili peke yake, utasimama?

Fungua Ruthu sura ya 2. Sheria ilikuwa imeshampa Ruthu haki ya kuokota masazo. Boazi angeweza kusema, "Anaokota, sheria imetimia." Lakini mstari wa 15 na 16 anawaagiza vijana wake wamwache aokote hata kati ya miganda, wasimwaibishe, na zaidi ya hayo wachomoe masuke mengine kwa makusudi wamwachie, wala wasimkemee. Hapo ndipo naona moyo wa bakshishi. Inatoka juu ya haki, baada ya haki kutimia. Na inatolewa kwa njia ambayo anayepokea hainamishi kichwa. Boazi hakupanda juu ya jiwe kutangaza kwamba leo Mmoabi ameshiba kwa sababu yake.

Kwa hiyo ukitaka kutoa, toa kama Boazi. Usimrushie noti huku unaongea na simu. Usimwite mbele ya wenzako useme, "Haya, na wewe ununue soda," ili meza nzima ijue wewe ni mtu mkubwa. Mathayo 6 inasema mkono wa kushoto usijue. Mwangalie usoni, mwambie asante, ero kamano, mpe mkononi, nenda zako.

Na hapa kuna jambo la siku zetu ambalo wengi hawajaliwaza. Zamani ulikuwa unalipa noti ya mia tano kwa chakula cha 450, na hamsini inabaki kwenye kisahani. Weita alikuwa anaishi na ile chenji. Siku hizi tunalipa kwa M-Pesa, shilingi kwa shilingi. Chenji imekufa, na hakuna aliyeizika. Mbaya zaidi, kuna mtu mwenye moyo mzuri ambaye chakula ni 450, anatuma 500 kwa till na kusema, "Hiyo nyingine ni yako." Mpendwa, till ni ya mwenye hoteli. Labda atampa, labda hatampa. Kama umekusudia yule binti, mpe yeye. Tembea na noti za hamsini na mia mfukoni, au mwulize kwa heshima namba yake kama yuko huru kukupa. Kutuma shilingi mia moja au chini ya hapo kwa M-Pesa hakukatwi kitu.

Nimesema "kama yuko huru" kwa sababu maalum, na akina baba nisikizeni. Kuna mtu hutoa mia tano kwa mhudumu wa kike, halafu usiku anampigia simu. Au anarudi kesho na kudai tabasamu, na keshokutwa anadai zaidi. Sisi watu wa ziwa tunalijua jina la jambo hili. Kule ufukweni tunaliita jaboya, ambapo mama anayetaka samaki wa kuuza analazimika kumpa mvuvi mwili wake. Tumelikemea kwenye mimbari kwa sababu tumezika watu. Sasa usikemee jaboya ya Mbita halafu ufanye jaboya yako hotelini mjini. Pesa yenye kamba si bakshishi. Kama unataka kitu kutoka kwake, hujatoa zawadi, umeweka mtego. Kama huwezi kutuma mia bila kuihifadhi namba yake, tafuta noti.

Sasa nirudi kwa dada yangu na neno lake la hongo. Ninamwelewa, kwa sababu Kenya tumeyaharibu maneno. "Chai" ni ya weita na ni ya askari barabarani. "Kitu kidogo" ni hivyo hivyo. Lakini Kutoka 23:8 inatusaidia. Inasema usipokee rushwa, kwa kuwa inawapofusha wenye kuona na kupotoa maneno ya wenye haki. Kwa hiyo jiulize maswali mawili. Je, ninatoa kabla ili nipate kitu, au natoa baada ya kuhudumiwa? Na je, kuna mtu mwingine anayenyimwa haki yake kwa sababu ya pesa hii? Weita amekuletea chakula ulichoagiza kwa bei ile ile ya kila mtu, umekula, umelipa, umempa hamsini. Nani amedhulumiwa? Hakuna. Lakini ukimpa 200 mapema ili uruke wale waliotangulia, au ili akuongezee kipande cha samaki ambacho hakipo kwenye bili, hiyo ni rushwa yenye harufu ya ugali. Umemfundisha kuiba kwa mwajiri wake.

Na usichukue desturi ya hotelini ukaipeleka hospitali ya serikali, ofisi ya chifu, au kwa karani wa kaunti. Huyo analipwa na kodi yako kukupa haki yako. Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 iko, na kabla yake ilikuwako Kutoka 23. Shukuru kwa mdomo, mwombee, andika barua ya kumsifu kwa mkubwa wake. Pesa acha mfukoni.

Jambo lingine dogo la kuwafungua macho. Katika hoteli kubwa unaweza kuona kwenye risiti asilimia 2 ya ushuru wa utalii. Wengine hufikiri hiyo ni ya wahudumu. Hapana, hiyo inakwenda kwa Mfuko wa Utalii wa serikali. Kuna mahali pengine pameandikwa ada ya huduma. Hiyo ni tofauti. Sheria ya VAT ya 2013 inaitambua ada ya huduma inayotozwa mahali pa bakshishi na kugawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa mapatano ya maandishi, isiyozidi asilimia 10, na haiitozi kodi hiyo. Kwa hiyo ukiiona, uliza kwa upole, "Hii inawafikia ninyi?" Kama inawafikia, umeshatoa, usijisikie vibaya kuondoka. Kama haiwafikii, sasa unajua.

"Pasta, ni kiasi gani basi?" Sitakupa sheria. Nitakuambia tunavyofanya nyumbani. Mimi na mke wangu kabla hatujaingia hotelini tunahesabu na ya mhudumu ndani ya bajeti. Kama tuna 1,000, tunaagiza chakula cha 900. Kwenye kibanda tunaacha ishirini au hamsini. Tukiwa kundi kubwa la kanisa tunachanga mapema, mtu mmoja anashika bili, anajumlisha, anahakikisha imelipwa yote kabla mtu wa kwanza hajainuka, halafu anampa mhudumu bahasha yake. Tangu Homa Bay hiyo ni sheria ya gari letu. Hatuimbi mpaka bili iishe.

Na wewe usiye nacho, sikia neno hili. Kuna mama anayesoma hapa aliyeingia hotelini kwa sababu ametoka hospitali na mtoto, na ana 150 tu za chai na chapati mbili. Mama, kula kwa amani. Hudaiwi kitu. Usichukue Fuliza ili uache bakshishi. Lakini kuna vitu havihitaji pesa. Usimwite mhudumu kwa kupiga makofi au kumfanyia "sss" kama anayefukuza kuku. Mwulize jina. Sema tafadhali. Kusanya sahani za watoto pamoja, futa ule mchuzi mtoto aliomwaga. Usikalie meza saa mbili kwa soda moja wakati watu wamesimama mlangoni. Akikosea, mwambie polepole, usimshtaki kwa bosi kwa ajili ya chumvi. Mhudumu mmoja wa kanisa letu hapa Migori aliniambia siku ngumu kwake ni Jumapili saa nane, watu wakitoka ibada. Alisema, "Pasta, wanakuja na Biblia, wanaita kwa ukali, na wanaacha kijitabu cha wokovu mahali pa pesa." Kijitabu ni kizuri. Lakini ukimwachia maneno matupu mtu aliyekutumikia akiwa na njaa, Yakobo 2:15-16 inakuhusu wewe kabla haijamhusu yeye.

Namalizia hapa. Usiku wa mwisho, katika Luka 22:27, Bwana Yesu aliwauliza wanafunzi ni nani mkubwa, yule aketiye chakulani au yule ahudumuye. Kila mtu angejibu, ni aketiye. Kisha akawaambia kwamba yeye yupo kati yao kama ahudumuye. Wapendwa, Mwokozi wetu alijiweka upande wa anayebeba sahani. Kila tunapoketi hotelini na binti akaja na kitabu chake kidogo cha kuandika, amesimama mahali ambapo Yesu alisema yeye yupo. Mimi nilimwacha mtu huyo na hasara ya 520, nikaondoka nikiimba.

Basi Jumapili hii baada ya ibada, fanya mambo matatu. Lipa deni lako lote. Ukiwa nacho, ongeza kitu mkononi mwake bila kelele wala masharti. Na kama kuna mahali uliondoka bila kumaliza, hata kama ni mwaka jana, rudi. Zakayo alirudisha kabla hajahubiriwa somo la utoaji.

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe kwa watu waliolia kimya kwa sababu yetu. Bariki mikono ya kila anayetuhudumia mezani leo, Migori hadi Homa Bay. Wape waajiri wenye haki na wageni wenye shukrani. Na sisi utupe midomo inayoomba na mikono inayolipa. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika Amina, halafu mtumie ndugu yako mmoja mwenye hoteli. Tuonane Jumapili.